Barua ya Posa ya Mjerumani

Alhamisi

Neema wangu kaposwa, tena na Mjerumani, Lukas, mchoraji wa kuta na mpiga drams wa bendi ya roki. Ukuta wake mmoja pale mjini Saint Paul unafika ghorofa ya nne, na watu wanasimamisha magari waupige picha. Mama gani mwingine kanisani ana mkwe wa kuonekana toka barabarani?

Ila nilimhofia kaka Elisha. Tangu baba Neema afariki, yeye ndiye mwenye kauli. Wiki iliyopita alisema, "Kupaka rangi na kugonga ngoma. Huyo anakuja kuoa au kutumbuiza?" Akikataa, Neema atamtii, na machozi nitayafuta mimi.

Kwa hiyo Lukas aliponiuliza barua ya posa inaandikwaje, sikumwelekeza. Nilimwandikia. Nikaeleza anavyoiheshimu familia, na hasa malezi ya mama, na hekima ya mama, na... basi, kalamu iliteleza. Yeye akanakili yote kwa mkono wake na kutia sahihi.

Leo kaka kaisoma sebuleni kwangu, polepole, mara mbili. Nikajifanya nachuja chai.

"Dada, huyu Mjerumani kajuaje ulishika namba moja darasa la saba?"

Nikamwambia Wajerumani ni watu wa utafiti.

Kacheka mpaka kavua miwani. "Kijana aliyevumilia kunakili sifa zako kurasa mbili, ndoa haitamshinda. Waje."

Basi sherehe ya posa ni hapa kwangu Roseville, Mjerumani, bendi yake na kanisa zima, Jumamosi ijayo saa nane mchana.