Mapipa ya Mama Hayakuvuja

Shamba la Baldocchi,
Healdsburg,
California.
13 Novemba 1934.

Mpendwa Kaka Silvio,

Pokea salamu zetu sote wa huku bondeni. Hujambo, na baridi ya Chicago imeshaanza kuwauma? Wifi Lidia mguu wake umepona? Na Rina, kile kifua chake bado kinambana? Mwambie shangazi yake anamwombea kila Jumapili, na apakwe mafuta ya kafuri hata akilia. Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua, lakini ulimi uko palepale, tena mwaka huu umenoleka.

Barua yako ya Agosti tuliipata. Ulisema shamba liko kwa jina lako, mavuno haya yawe ya mwisho, na Januari utakuja na watu kung'oa mizabibu ya marehemu Baba ili tupande miti ya matunda ya plamu. Mama aliisikiliza hadi mwisho, akaikunja, akaniambia nisijibu mpaka Sikukuu ya Mtakatifu Martino, siku ya kuonja divai mpya. Ilikuwa juzi. Kwa hiyo kaka yangu, tafuta kiti ukae.

Unayakumbuka yale mapipa manne ya ghalani, marefu kuliko mlango. Serikali ilipopiga marufuku pombe, wewe ulikuwa kijana tayari, mimi msichana wa miaka kumi na miwili. Watu wa bonde hili waliyaacha mapipa yao yakauke, wakawa wanapakia zabibu kwenye mabehewa kuzipeleka huko kwenu, watu wajitengenezee divai jikoni. Sisi pia tulipakia. Lakini Mama alikataa katakata mapipa yake yakae makavu. Kila Jumamosi ilikuwa mimi na ndoo, kisimani hadi ghalani, kumwaga maji ya zamani, kuchoma salfa ndani yasiote ukungu, kisha kujaza upya. Wenzangu wakienda dansi, mimi nanuka salfa. Nakwambia ukweli, kuna Jumamosi nililia njia nzima.

Nawe ulitucheka, usikatae. Ila aliyezidi ni jirani yetu Ottavio Pedranti. Kila akipita kwenye uzio lazima aseme lake: "Bi Assunta, samaki wako wameshakua? Nitengee wawili wa Ijumaa Kuu." Yeye mapipa yake aliyapasua mawili akajenga banda la kuku, na tuseme kweli, kuku wale walilala vizuri kuliko watu wengi wa huku.

Basi marufuku ikaondolewa mwaka jana, na Septemba hii kila mtu alitaka kukamua zabibu zake mwenyewe. Ungekuwepo uone. Walipoyajaza maji mapipa yao yaliyokauka miaka yote hiyo, maji yalitoka kila upande kama kwenye kikapu. Mbao zilikuwa zimesinyaa na kupinda, pete za chuma zinacheza. Waliloweka, wakagonga, wakaziba kwa matambara na nta, wapi! Na zabibu hazingoji mtu, zilikuwa zimeiva mpaka nyigu wameshajialika.

Sisi tulimwaga maji yetu asubuhi, tukasugua, tukaanza kujaza zabibu zilizopondwa. Halikuvuja hata tone. Mama alipitisha kiganja kwenye mbao kote kuzunguka, akanionyesha mkono mkavu. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jioni hiyo Pedranti akaja, kofia mkononi.

"Bi Assunta, nimekuja na shida."

"Shida gani tena, Ottavio? Kuku wamekataa kulala?"

"Nisamehe, mama yangu. Zabibu zinaniozea pale. Niazime japo pipa moja."

"Nitakuazima. Ila kwanza waombe radhi samaki."

Na aliomba, kaka. Mtu mzima na masharubu yake yale, akainama juu ya pipa akasema, "Samahanini." Mkewe anamtania mpaka leo.

Usidhani ilikuwa vicheko tu. Wiki hiyohiyo mgongo wa Mama ulikwama kabisa akawa wa kitandani, na mimi niliyebaki ghalani nilikuwa najua maji tu. Hata kile kipipa cha divai yetu ya kunywa nyumbani Mama hakuwahi kuniruhusu nikiguse. Mara ikaingia baridi ya ghafla, na pipa kubwa kuliko yote likanyamaza. Povu likashuka, mchemko wa kuchachuka ukakatika, na juisi bado tamu. Nilijua ikilala vile itageuka siki, na siki ndiyo ingekupa wewe Januari yako. Niliogopa, sikufichi. Nikakimbilia kwa Mama.

"Fanya unavyoona," akasema, akageukia ukutani.

"Na nikikosea?"

"Utakuwa umekosea wewe. Mimi si nimelala?"

Nilimkasirikia sana. Nikarudi ghalani, nikachota juisi iliyokuwa ikichemka vizuri kwenye pipa la pili, ndoo baada ya ndoo, nikaimimina kwenye lile lililolala. Nyingine nikaipasha moto kidogo kwenye sufuria za jamu. Kisha nikalifunika pipa kwa mablanketi yote ya nyumba hii, pamoja na lile la harusi ya Mama ambalo mimi na wewe hatukuruhusiwa hata kulikalia. Kesho yake mchana nikaweka sikio kwenye mbao. Lilikuwa linaunguruma.

Tuje sasa kwenye sikukuu. Majirani walikuja, njugu zikachomwa, na akaja pia Bwana Haverkamp, anayenunulia hoteli za San Francisco divai. Alikuwa ameshapita mashamba mengi akaonjeshwa siki, uso wake ulionyesha. Mama ndiye aliyeonja kwanza. Alikunywa glasi nzima taratibu, akafuta midomo, akasema Baba angeinywa hii bila kuongea, na wewe unajua Baba alivyopenda kuongea. Haverkamp akaonja, akaomba nyingine, kisha akasema anaichukua yote, na ya mwaka kesho pia. Akauliza mtengenezaji ni nani ampe mkono. Watu wote wakamtazama Mama.

"Mnanitazama mimi kwa nini? Mimi nilikuwa kitandani," akasema. "Mtengenezaji ni huyo hapo, Ernesta."

Kaka, nilishindwa hata kumpa yule bwana mkono sawasawa. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, na naiandika hapa ili ujue.

Bonde lote linafufuka. Fundi wa mapipa hapatikani, ana kazi mpaka kiangazi kijacho. Vijana waliokwenda mjini wanarudi. Pedranti amebomoa banda la kuku na ameagiza mapipa mapya, na ameniomba nipite kwake niyakague. Baba alikuta ugonjwa wa mizizi umeshamaliza mashamba haya, akapandikiza mizabibu yote upya kwenye mizizi ya mwitu ya hapa Marekani, na alikufa akijisifu kwamba hata Wafaransa sasa wamesimama juu ya mizizi hiyo. Tulimwona anatia chumvi. Mimi sasa nasema hakujisifu vya kutosha.

Kwa hiyo jibu la barua yako ni hili: mizabibu haing'olewi. Hati ina jina lako, hatubishani. Lakini Januari njoo na Wifi na watoto, na shoka ulibakishe huko. Nilitaka nikutumie chupa, Mama amekataa. Anasema divai hii utainywa hapa, umesimama mbele yake, na yeye anakutazama.

Nisalimie sana Wifi Lidia, Rina na kaka yake Elvio, na Mjomba Gaspare mkionana kanisani. Mama anawabariki nyote, hata wewe. Mungu awafunike kwa mkono wake na awafikishe kwetu salama.

Wako akupendaye,
dada yako Ernesta,
mtengenezaji wa divai.