Ruhusa ya Mdomo

Mpwa wangu mpendwa,

Walimu wengi wanaorudi masomoni wakiwa kazini hudhani watashindwa na mitihani. Hapana. Huangushwa na ruhusa ya mdomo.

Huku hatujambo, ila goti langu bado ni korofi. Nimefurahi kwamba umepata nafasi ya shahada ya uzamili ya fizikia. Lakini unasema mkuu wako wa shule amekwambia, "Wewe anza tu, mwalimu, sisi hatubanani."

Wangu naye alinambia hivyo hivyo, akicheka. Nikasoma mihula mitatu. Kisha akahamishwa, akaja mwingine, akafungua jalada langu asikute barua yoyote. Kwenye daftari la mahudhurio akaniandikia neno tunalowaandikia wanafunzi: mtoro. Nilipompigia simu yule wa kwanza aniokoe, akajibu, "Kwani tuliandikishana, mwalimu?"

Nikaacha masomo ili nisifukuzwe kazi. Nyinyi wapwa zangu mnaniita Profesa Nusu, nami hucheka nanyi.

Leo, kabla hujaingia darasani, mwombe mkuu wako ruhusa ya maandishi, yenye sahihi na muhuri.

Mimi mjomba wako.