Soma kwa Kidole

Mjukuu wangu Jovitha,

Marahaba. Hapa Nyabiyonza kahawa tumeianika, na babu yako kikohozi kimemwacha.

Umeniuliza kwa nini uliponitumia ujumbe kwamba umelazwa, nilikujibu "Hongera sana". Nimeangalia kwenye simu, na kweli jibu ni langu. Sikumbuki kulituma. Nilizoea kukujibu hivyo ukinipa habari za mitihani.

Limewahi kunipata hili. Nikiwa msichana niliwasomea majirani barua. Mama Felista hakujua kusoma, na mwanawe alikuwa kibarua Uganda. Barua zake zote zilianza vilevile: salamu nyingi, mimi ni mzima wa afya. Siku moja ilikuja nyingine. Nikaifungua, nikaanza na salamu zilezile huku macho yangu yakiwa kwenye ndizi alizokuwa akimenya.

Kisu chake kikasimama. "Sauti yako leo haina mtu ndani," akasema. "Soma kwa kidole."

Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Salamu hazikuwapo. Hata mwandiko ulikuwa wa mtu mwingine, mwenzake wa kazini, akieleza kwamba wameshamzika.

Tangu hapo nasoma kwa kidole, hata Biblia. Jana nilikiweka kwenye ujumbe wako, juu ya kioo cha simu. Maneno yakakimbia juu, yakapotea. Nikakiweka tena, yakakimbia tena.

Niandikie kwenye karatasi kwamba umepona, kwa mkono wako mwenyewe, ili nikiweka kidole ubaki palepale.

Bibi yako