Mgongo wa Binti Yako

Sohag, Jumanne

Kwa mwanangu Refaat,

Assalamu alaikum. Natumai u mzima, umeshiba, na kiyoyozi cha huko Kuwait kinapoza vizuri. Sisi hatujambo, ingawa hukuuliza. Nakuandikia kwa sababu simu unaizima. Barua nimempa jirani yetu Bayoumi anayerudi huko Kuwait kazini, na nimemwambia asiondoke mpaka uisome mbele yake.

Binti yako alizaliwa Jumanne iliyopita, mgongo wazi, na kifuko chembamba kama ganda la kitunguu kiunoni. Daktari Marqus alisema apasuliwe ndani ya siku mbili, kabla vijidudu havijaingia kwenye uti wa mgongo, akataka sahihi ya baba. Mkeo Sabah akakupigia. Ukamjibu nini, mwanamume mzima? Ukasema subirini. Ukasema heri Mungu amchukue kuliko kulea kiwete, na kwamba ukoo wetu hauna damu ya namna hiyo, Sabah arudi kwao na ubovu wake. Ndevu zote hizo, Refaat, na unamkimbia mtoto wa kilo tatu.

Sahihi niliweka mimi. Daktari alichukua saa tatu kurudisha mishipa ya fahamu ndani na kuufunga mgongo. Hakutudanganya: huenda miguu ikawa dhaifu, huenda maji yakajaa kichwani apasuliwe tena. Lakini analala kifudifudi, ananyonya, na kidole gumba cha mguu wa kulia kinacheza.

Jana ilikuwa siku yake ya saba. Wauguzi walilikataa chekeche la kumtikisia mtoto kama desturi yetu ya siku hiyo, basi nikagonga tu kinu cha shaba kando ya kitanda, nikamwambia kama tunavyowaambia watoto wote: msikilize mama yako, usimsikilize baba yako. Hapo watu hucheka. Sabah hakucheka.

Sasa nikuambie nililolificha miaka thelathini na sita. Wewe si kifungua mimba wangu. Kabla yako nilizaa msichana, mgongo kama huu huu. Baba yako akasema tusubiri, hata jina tusimpe. Nikatii. Nilimlaza akitazama ukutani nisiyaone macho yake, naye alilia siku tisa, kisha tukamzika. Nakudharau, mwanangu, lakini najidharau zaidi, maana wewe uko mbali, mimi nilikuwa naye chumba kimoja. Ukiutafuta ubovu, anzia kwetu, mwache Sabah.

Mtoto anaitwa Wedad. Ndilo jina nililomwekea dada yako moyoni.

Wasalimie wenzako kazini. Ukija, nenda kwanza ukambebe yeye. Mkono wangu usiubusu.

Mama yako,
Nabawiya