Kiti cha Nkambo Feza

Mpendwa Mama,

Jina limeandikwa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda kuzungushwa, habari ulizisikiliza umesimama, mwiko mkononi, ukisema, "Tangulia na mwisho, ingine utaniambia nikisonga bugali." Basi huo ndio mwisho, Mama. Feza. Limechongwa kwenye jiwe jeusi kusini mwa Stockholm, na mjomba Kashindi amelisoma kwa sauti mbele ya watu.

Sasa songa bugali wako, nikueleze mengine.

Unakumbuka jikoni kwetu Hallonbergen, mwaka ule ulipotufikia kutoka Kalemie? Ulikuta baridi ukaitukana kwa lugha zote ulizokuwa nazo, kisha ukaketi ukaanza kumsimulia mwanangu Neema habari za nkambo Feza. Neema alikuwa akikujibu kwa Kiswidi, nawe hukujali, uliendelea tu. Nkambo, bibi yako aliyemzaa mama yako, aliolewa na mzungu wa Kiswidi aliyejenga nyumba kando ya ziwa siku za mwanzo kabisa za ukoloni. Aliolewa. Neno hilo ulilitamka ukigonga meza. Mbuzi walitolewa, wazee wakala, na mume akamtengenezea kiti kwa mikono yake, kwa kuwa kwa watu wa nkambo bibi arusi asiyepewa kiti na mumewe alihesabiwa bado yuko kwao. Nkambo alikuwa mfupi, kwa hiyo kile kiti kilikatwa miguu mpaka kikawa karibu na udongo.

Kisha mzungu akaugua, akapelekwa kwao kutibiwa, asirudi tena. Alimwacha nkambo na binti mmoja, ndiye mama yako. Na watu hawakukawia. Wakamwita menaje, neno la Wabelgiji kwa mwanamke Mwafrika aliyewekwa nyumbani bila ndoa. Neno hilo lilimfuata mama yako shuleni, likakufuata wewe sokoni, na lilipopata nafasi likapanda ndege likaja hadi Ulaya.

Maana hata huku lilikuwepo. Krismasi ile nyumbani kwa mjomba Kashindi, mdogo wako wa mama mwingine, kule Rinkeby, ulipokuwa ukisimulia habari za mbuzi na kiti, yeye akacheka huku akitafuna. "Ya Marta," akakuita dada yake, "bibi ya muzungu? Basi jina yake iliandikwa wapi?" Meza nzima ikacheka. Wewe uliweka sahani chini, ukafuta mikono, ukamwambia, "Itaandikwa." Kwenye treni ya kurudi niliona ulivyoushika mkoba wako kwa mikono miwili, na moyo wangu ukaniuma kwa hasira.

Ndiyo sababu niliposikia kuna maonyesho ya picha za Waswidi waliokwenda Kongo zamani, katika jumba moja la makumbusho mjini, nilikupeleka. Ulivaa kitenge juu ya koti la baridi. Tulipita picha za meli na za wanaume wenye masharubu, ukizitazama kama mtu anayechagua samaki, mpaka ukasimama mbele ya moja. Mwanamume mweupe amesimama barazani. Kando yake mwanamke mweusi ameketi kwenye kiti kifupi mno, magoti yamepanda juu, na anatutazama bila haya. Nilikusomea maandishi ya chini: mlowezi wa Kiswidi na mtumishi wake, Ziwa Tanganyika.

Mama, ulivyopaza sauti! "Haiko boyi huyu! Ulishaka ona wapi boyi anaikala, patro anasimama?" Mlinzi akaja. Kijana wa ofisi naye akaja, mpole, nikawa natafsiri kwa Kiswidi, kwamba mtumishi haketi bwana wake amesimama, huku nikijizuia kucheka. Akasema picha imeazimwa kutoka kwa familia moja, na kwamba katika familia hiyo hakuna anayejua mwanamke huyo ni nani. Ukamwambia, "Mimi najua." Akaandika namba yetu. Uliondoka pale umenyoosha shingo, ukamwambia dereva wa basi, kwa Kiswahili, kwamba umetoka kumwona bibi yako.

Hatukupigiwa simu mwaka ule. Majira ya baridi yaliyofuata ukaugua, na kabla theluji haijayeyuka ukaenda. Ulitutoka hospitalini, ghafla, nami nikiwa njiani. Hakuna aliyekupaka unga.

Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote. Maana hakuna safari uliyoniacha niende bila unga wako. Siku yangu ya kwanza kazini, siku ya mtihani wa udereva, kila Neema alipoanza darasa jipya: kidole kwenye unga wa muhogo, alama kwenye paji la uso, alama ndani ya kiwiko cha kulia na cha kushoto, kisha uliobaki ukaupuliza kuelekea mlangoni. "Enda, utambulike." Popote utakapofika, ulisema, watu wako wakujue. Ulifundishwa na mama yako, naye alifundishwa na nkambo Feza, aliyempaka mumewe hivyohivyo siku aliyoondoka. Kalemie nzima sikuona nyumba nyingine iliyofanya namna ile. Neema alikuwa akijifuta kwenye treni, "Sluta, bibi!", acha bibi, na bado akifika shule ana unga kwenye nyusi.

Simu ilikuja ulipokuwa umeshazikwa. Kijana yule wa makumbusho, bado mpole, alisema mwenye picha amekubali kuniona. Basi nikaenda Farsta. Nilimkuta Bi Gunvor, mama wa miaka themanini hivi, mweupe kichwa kizima, kahawa yake kali kweli. Yule mzungu wetu alikuwa mdogo wa babu yake. Alirudi kutoka Kongo mgonjwa, akaishi na kaka yake mpaka uzee, hakuoa tena. Bi Gunvor alimjua alipokuwa yeye mwenyewe mtoto.

"Wengine nyumbani husema alioa Mswidi aliyefia njiani," aliniambia. "Wengine husema hakuoa kabisa. Lakini aliacha agizo la jiwe lake." Kwenye jiwe hilo, chini ya jina lake, kuna maneno mawili: na mke. Bila jina. Desturi ya zamani ya huku ilikuwa hivyo mara nyingi, mke hakutajwa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Walichobishana ni mke yupi.

Nikamweleza habari za kiti, za mbuzi, zako. Alisikiliza vizuri, kisha akasema kwa upole kwamba viti vifupi ni vingi duniani, na kwamba hawezi kumpa mtu mke kwa sababu ya kiti. Nilimwelewa. Niliinuka nikavaa koti, nikijiambia kwamba Kashindi amekushinda nawe huna tena mdomo wa kujibu.

Mlangoni tukagongana na mjukuu wake wa kike, begi mgongoni, anakwenda kufanya kazi Australia, amekuja kuaga. Bi Gunvor akarudi jikoni, akafungua kopo la unga wa ngano. Yule binti akainamisha kichwa bila kuambiwa, akakunja mikono ya sweta. Kidole kwenye paji. Kiwiko cha kulia. Kiwiko cha kushoto. Pumzi kuelekea mlangoni.

Mama, nililia pale kwenye korido ya watu! Nilimshika Bi Gunvor mkono wenye unga, nikamuuliza amejifunza wapi. "Kwa yule mdogo wa babu," alisema. "Alitupaka sote tulipokwenda shule. Hakutueleza maana. Majirani walituona wendawazimu." Nilikunja mkono wa blauzi yangu, nikachukua unga, nikajipaka mwenyewe kwa mpangilio uleule, hadi pumzi ya mwisho. Bi Gunvor akakaa kwenye kiti cha kuvulia viatu. Akaniuliza, "Aliitwa nani?"

Bado namdai maneno yule mzungu, nisikufiche. Angeweza kurudi, au hata kutuma mtu. Lakini alipaka unga wa mkewe kwenye mapaji ya watoto wa kizungu mpaka uzee wake, na menaje haachiwi neno mke kwenye jiwe. Nkambo aliolewa, Mama. Ulisema kweli tangu mwanzo.

Tulikusanyika makaburini siku ya jua. Kwaya ya kanisa letu ilikuja na vitenge, ndugu wa Bi Gunvor walikuja na maua na thermosi za kahawa. Mjomba Kashindi alifika mwisho, akavua kofia, akasimama mbele ya herufi mpya zilizokuwa bado zinang'aa. Neema, ambaye sasa amenipita kimo, ndiye aliyemsogelea akamwambia kwa Kiswahili, "Mjomba, soma." Akasoma: "Na mke, Feza." Kisha akasoma tena, safari hii kwa sauti, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka Waswidi nao wakajaribu. Kule makumbusho nako wamebadilisha maandishi. Sasa ni hivi: Feza, ameketi, na mume wake. Jina la mume wamelisahau. Sijawakumbusha.

Kutoka pale nilikuja moja kwa moja kwako, na unga wa muhogo nilioununua Rinkeby. Nimepaka paji la jiwe lako, nikapaka kulia na kushoto, mahali ambapo viwiko vyako vingekuwa. Uliobaki nimeupuliza. Umechelewa, lakini ni wako, na huko uliko nkambo amekaa kwenye kiti chake anakutazama unavyokuja.

Enda, Mama. Utambulike.

Mwanao wa Hallonbergen,
mama Neema