Sauti Iliyosema Tokeni

Jumanne, 9 Septemba

Zamu ya mchana tena, chumba cha kamera. Kamera ya geti la nyuma imekufa. Ya maktaba inaonyesha miguu ya ndege kalooli tu, amekaa juu yake kama mwenye nyumba. Kitufe cha dharura, kile cha kwenye simu za wanafunzi, kimelia mara mbili. Mmoja alikuwa anajaribu simu mpya, mwingine ameikalia yake. Chai imepoa.

Afande Okello, mkuu wetu wa usalama chuoni, amekuja na habari. Vipaza sauti vimefungwa hosteli zote. Moshi ukitokea, mashine itasema yenyewe. Anataka sauti iwe yangu, kwa Kiswahili. Askari wake wengi ni wastaafu wa jeshi kutoka kaskazini, lugha yao ya kazi ni hiyo. Akasema mimi Mwislamu wa mtaa wa Kibuli nimezaliwa nayo. Nilifurahi. Kwa nini nifiche?

Alhamisi, 11 Septemba

Nimerekodi. "Tokeni nje. Acheni kila kitu. Tokeni sasa hivi." Afande hakuridhika, eti naomba chumvi kwa jirani. Amrisha, Zaituni! Mwishowe ikatoka sauti ambayo hata mimi siijui. Akapiga makofi. Mdogo wangu Sauda, anayekaa hosteli ya wasichana, amesikia jaribio kwenye simu yangu. Sasa ananiita kanali.

Jumapili, 14 Septemba

Sauda kaja na Nakato, wanalala chumba kimoja. Pilau. Mama anamwita binti yangu. Kwao Luweero, kwa hiyo tunasema naye Kiganda. Baba alimtania kwa Kiswahili, mkono wa Nakato ukasimama kwenye sahani. Bibi yake, aliyeiona vita ya kule, alimfunza toka mdogo: ukisikia Kiswahili nje ya mlango, zima taa, ingia chini ya kitanda. Ni wanajeshi hao. Mama akasema pole, akamwongezea nyama. Mimi nikaendelea kula. Sikuwaza lolote.

Ijumaa, 19 Septemba

Niandike tu.

Jua limezama, umeme ukakatika. Sauda alikuwa nyumbani. Moto ukashika stoo ya magodoro, chini kabisa hosteli ya wasichana. Mashine ina betri, ikaona moshi, ikasema. Sauti yangu, gizani, kila ghorofa. Nikatazama mlango kwenye kamera. Hatoki mtu.

Ramani ya vitufe kwenye skrini ikaanza kuwaka. Simu za wasichana. Kitufe kina machaguo matatu: moto, ugonjwa, nimevamiwa. Wote wamechagua nimevamiwa. Hakuna hata mmoja aliyechagua moto. Afande akasema wavamizi wamewasha moto ili wawatoe wasichana nje. Akawapeleka askari getini na virungu.

Mimi nikabonyeza rudia. Tokeni nje. Hawatoki. Rudia. Hawatoki. Rudia.

Kisha likaja jina la Nakato. Nimevamiwa. Wallahi nilijua papo hapo. Nikazima mashine, nikashika maikrofoni, nikapiga kelele kwa Kiganda: omuliro, mufulume! Moto, tokeni! Milango ikafunguka. Wakamwagika ngazini wakilia.

Nakato hakutoka.

Jumamosi, 20 Septemba

Wengine wote wazima, wanakohoa tu. Moto haukufika ghorofa ya Nakato, ni moshi. Walivunja mlango, wakamkuta chini ya kitanda. Hajaamka. Daktari hasemi ataamka, hasemi hataamka.

Sauda ameniambia neno moja: rudia. Aliliona kwenye taarifa yangu ya tukio. Sasa haongei na mimi.

Sihisi kitu. Nimefua nguo. Nimekula viazi.

Jumatatu, 22 Septemba

Kikao. Fundi wa mitambo amesema mfumo ulifanya kazi sawasawa. Ni kweli. Moshi ulionekana, sauti ilitoka, vitufe vilifika. Hakuna aliyebisha.

Baadaye Afande alinikuta kwenye korido. Akawa anatazama buti zake. Akasema kwao kaskazini, akiwa mtoto, nao walikimbilia porini wakisikia Kiswahili. "Nilisahau, mwanangu. Nimevaa hizi nguo siku nyingi."

Pengine ningelia. Nilikuwa na njaa tu.

Alhamisi, 25 Septemba

Bado.

Jumatano, 1 Oktoba

Nakato kaamka jana. Mama alilia, Sauda alilia. Mimi nilikwenda leo, peke yangu, baada ya zamu.

Amekonda. Koo linamuuma lakini anataka kuzungumza. Anamsimulia kila mtu, nesi kaniambia mwache, inamsaidia. Akanisimulia na mimi. Alisikia mwanamke mwanajeshi anaamrisha watoke. Akazima taa ya simu, akaingia chini ya kitanda. Moshi ukaanza kuingia. Akawaza pengine ni moto kweli, akatambaa mpaka mlangoni, akashika kitasa. Hapo akamsikia mwanamke yule yule, sasa anaita kwa Kiganda.

"Sauti ile ile, dada. Nikasema kumbe wamejifunza na lugha yetu, watudanganye vizuri. Nikaacha kitasa. Nikasukuma kabati mlangoni."

Akaomba maji. Nikamshikia gilasi mpaka akamaliza. Nikamfuta kidevu. Nikamwambia apumzike, Sauda atakuja jioni.

Akaniuliza mbona nanong'ona.

Nikasema nina mafua.