Leso ya Mguuni

Ganda, Malindi
17 Agosti 1986

Mdogo wangu Masha,

Salamu nyingi zikufikie huko Mombasa. Natumai u mzima na kazi inakwenda. Sisi huku tu wazima, mahindi yamekomaa, ila amani ndiyo hatuna.

Barua yako nimeipata. Wasema mama akubali kula kiapo cha papai mbele ya wazee, ale papai lililotiwa dawa, eti asiye mchawi mdomo haumvimbi. Nakujibu waziwazi: mama hali papai la mtu. Labda nife kwanza.

Uliyoyasikia ni nusu tu. Tangu tumzike baba, mama huinuka na usingizi wake, macho wazi, akatoka nje. Mara mbili jirani yetu Kavumbi amemkuta akimfagilia uwanja usiku. Juma lile lile mtoto wa Kavumbi akashikwa na homa, basi, mchawi kapatikana. Mchawi gani huyo aachaye uwanja safi? Nilimpeleka mama zahanati. Daktari alituambia ni maradhi ya kutembea usingizini, watu wa namna hiyo wapo, na majonzi huyazidisha. Tufunge mlango na tumrudishe kitandani polepole. Kavumbi akasema daktari ni mtu wa bara, hajui ya huku. Lakini homa ya mwanawe aliitibu daktari huyo huyo.

Nilimuuliza mama kwa nini hajitetei. Akasema akieleza kwamba maradhi haya ni ya ukoo, ataulizwa nani mwingine anayo. Nawe ukumbuke, Masha. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiondoka kitandani usiku, macho wazi, ukenda kukaa zizini na mbuzi. Mama akakufunga ncha ya leso mguuni, ncha ya pili akajifunga mkononi, akalala hivyo miaka. Nje ya nyumba yetu hakuna aliyejua. Na sasa amenyamaza ili wakwe zako wasikukatae. Wewe unamlipa papai.

Basi nikwambie nililolifanya. Jumapili iliyopita wazee walikaa, na mzee Dena, baba wa mchumba wako Mapenzi, alikuwamo. Nilisimama nikayasema yote, ya mama na yako. Mama alilia. Sikuomba radhi na siombi. Mzee Dena aliondoka bila kuaga, nikajua posa imevunjika. Kesho yake akaja Mapenzi mwenyewe, akakaa jikoni nami, akaniuliza kama leso moja yamtosha mtu mzima au aunge mbili.

Wazee wamekiweka kiapo kando mpaka wakusikie wewe. Kwa hiyo njoo, useme kwa kinywa chako. Usiponena, papai hilo nitalila mimi badala ya mama, nawe utakuja kunitazama mdomo.

Mama anakusalimu sana na amenikataza nisikugombeze. Anadhani barua hii ni ya salamu tu.

Ni mimi dada yako, nilalaye siku hizi nimefungwa mkono kwa mguu wa mama,
Kahonzi